Wiski ya Kijapani: soma lebo kwanza, pochi baadaye

Kuna agizo ambalo siku hizi halimkosi mtu anayekwenda Japani. Zamani msafiri alitumwa kamera au redio. Sasa anatumwa wiski. "Kaka, usirudi bila Yamazaki." Anayetuma mara nyingi hajawahi kuionja. Ameiona kwenye filamu, ameiona kwenye picha za watu wenye hela zao, na anachotaka hasa si kinywaji bali chupa ya kusimamisha kwenye kabati la vioo sebuleni, karibu na ile seti ya vikombe ambayo mama haruhusu iguswe.

Sina ugomvi na anayekunywa wala asiyekunywa. Najua baadhi yenu dini zenu haziruhusu na wengine mmeamua tu kuachana nayo. Nanyi someni, maana nusu ya makala hii inahusu lebo na majina, na hayo yanatugusa sote.

Hoja yangu ni fupi. Ukifika Japani, kunywa glasi kabla ya kukimbilia chupa. Na ukiamua kununua chupa, isome kama mhariri mkali anavyosoma habari ya mwandishi mgeni: imetengenezwa na nani, wapi, na lini? Chupa isiyojibu maswali hayo irudishe kwenye rafu, hata kama imechorwa samurai mwenye panga refu.

Tuanze na historia, kwa kuwa inasaidia kuelewa bei. Mwaka 1918 kijana mmoja wa miaka 24, Masataka Taketsuru, aliyezaliwa katika familia ya watengenezaji wa sake huko Takehara, Hiroshima, alipelekwa Uskoti na mwajiri wake kujifunza wiski. Alisoma Glasgow, akafanya kazi kwenye viwanda vya wiski, akawa anaandika kila alichokiona kwenye daftari lake: mitambo, vipimo, mpaka namna kazi zilivyogawanywa. Mimi kama mwandishi wa habari nampenda kwa daftari hilo kabla hata sijafika kwenye wiski yake. Mwaka 1920 alimwoa Mskoti, Rita Cowan, wakaenda kuishi Japani.

Huko alikuja kuajiriwa na Shinjiro Torii, mfanyabiashara aliyekuwa ametajirika kwa mvinyo mtamu. Mwaka 1923 wakaanzisha kiwanda cha Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka. Kampuni ya Torii ndiyo tunayoijua leo kama Suntory. Wiski yao ya kwanza ilitoka mwaka 1929 na haikupendwa. Wajapani waliiona ina moshi mno. Mwaka 1934 Taketsuru akajitenga, akaenda kaskazini kabisa, Yoichi kwenye kisiwa cha Hokkaido, akaanzisha kampuni yake. Wiski inataka miaka ya kulala kwenye pipa na mfanyakazi anataka mshahara mwisho wa mwezi, kwa hiyo alianza kwa kuuza juisi ya matufaha. Kampuni hiyo ndiyo Nikka.

Sasa twende kwenye bei. Mwaka 1983 unywaji wa wiski Japani ulifika kileleni, kisha ukashuka kwa takriban miaka 25. Vijana waliiona ni kinywaji cha baba zao. Viwanda vikapunguza uzalishaji, vingine vikafungwa. Baadaye mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 2008 hivi Suntory walisukuma sana kinywaji kiitwacho haiboru, yaani wiski na maji ya soda kwenye barafu, na vijana wakakipokea. Kisha kitabu cha Jim Murray cha mwaka 2015 kikaitaja Yamazaki Sherry Cask 2013 kuwa wiski bora duniani, na tamthilia ya televisheni ya NHK iliyotokana na maisha ya Taketsuru na Rita, Massan, ikarushwa mwaka 2014 hadi 2015.

Dunia nzima ikataka wiski ya Kijapani, na haikuwepo ya kutosha. Ndugu zangu, wiski ya miaka 12 haiharakishwi. Inayouzwa leo ilitakiwa iwe imewekwa kwenye pipa miaka 12 iliyopita, na miaka ile hakuna aliyejua itatakiwa. Mwaka 2015 Nikka waliondoa sokoni Yoichi na Miyagikyo zenye umri kwenye lebo. Mwaka 2018 Suntory wakasimamisha Hakushu ya miaka 12 na Hibiki ya miaka 17. Walanguzi nao wakaingia kazini. Agosti 2020 chupa moja ya Yamazaki ya miaka 55 iliuzwa mnadani Hong Kong kwa takriban dola 795,000 za Marekani. Na Aprili 2024 Suntory wenyewe walipandisha bei zao za rejareja zinazopendekezwa: Yamazaki ya miaka 12 kutoka yeni 10,000 hadi 15,000, na ya miaka 18 kutoka yeni 32,000 hadi 55,000, bila kodi.

Penye uhaba wa namna hii lazima waje wajanja, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwa miaka mingi kampuni iliweza kununua wiski kwa mapipa kutoka Uskoti au Kanada, ikaisafirisha hadi Japani, ikaichanganya, ikaifunga kwenye chupa nzuri yenye maandishi ya Kijapani na kuiuza kama wiski ya Japani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ya kodi ya vileo ya nchi hiyo imekuwa ikiruhusu kinywaji kiitwe wiski hata kama wiski yenyewe ni asilimia 10 tu na iliyobaki ni pombe kali ya aina nyingine. Haikuhitaji umri wowote kwenye pipa. Linganisha na Uskoti, ambako sheria inadai angalau miaka 3 kwenye pipa la mwaloni, ndani ya Uskoti. Kwa hiyo ilitokea kwamba taifa tunalolisifia kwa unadhifu na uaminifu lilikuwa na sheria legelege kwenye moja ya bidhaa zake zenye jina kubwa zaidi.

Februari 2021 chama cha watengenezaji wa pombe kali cha Japani kilitangaza vigezo vyake, vikaanza Aprili mwaka huo, na wanachama wakapewa hadi mwisho wa Machi 2024 kurekebisha lebo zao. Ili chupa iitwe "Japanese Whisky", lazima iwe na nafaka ya kimea, maji yawe ya Japani, uchachushaji na utoneshaji ufanyike kwenye kiwanda kilichoko Japani, wiski ilale kwenye pipa la mbao lisilozidi lita 700 kwa angalau miaka 3 ndani ya Japani, ifungwe kwenye chupa humo humo, na kilevi kisipungue asilimia 40.

Ni hatua nzuri, lakini ni makubaliano ya wanachama, si sheria ya nchi. Asiye mwanachama habanwi. Ndiyo maana kazi ya kusoma bado ni ya mnunuzi.

Nawapongeza waliojitokeza kusema ukweli. Nikka wametamka hadharani kwamba Nikka From the Barrel, wiski yao ya asilimia 51.4 inayopendwa sana nje, haitimizi vigezo vyote vya kuitwa wiski ya Kijapani. Suntory wana chupa iitwayo Ao, na kwenye jina lake wanasema wazi kuwa ni mchanganyiko wa wiski za dunia. Ichiro Akuto wa Chichibu, aliyeanza kutengeneza wiski mwaka 2008, naye anaandika maneno "World Blended Whisky" kwenye mchanganyiko wake wenye wiski za nje. Na chupa hizi si mbaya hata kidogo! From the Barrel ni tamu na ina nguvu. Tatizo langu halijawahi kuwa wiski ya kuchanganya. Tatizo ni kumficha mnywaji kilichochanganywa.

Kuna watakaosema, "Sasa wewe Mswahili yanakuhusu nini?" Yananihusu sana. Nenda duka lolote la kahawa Japani utakuta neno Kilimanjaro. Wajapani wanaipenda kahawa hiyo kuliko tunavyodhani. Kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa huko, Kilimanjaro ni kahawa ya arabika inayolimwa Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Yaani kahawa ya Mbinga au Mbozi, mbali kabisa na mlima, nayo inauzwa kwa jina la mlima. Na pakiti ya mchanganyiko inaruhusiwa kubeba jina hilo ikiwa angalau asilimia 30 ya buni zake ndizo za Kilimanjaro. Asilimia 70 nyingine inaweza kutoka kokote.

Umeona? Mchaga hajaulizwa, lakini jina la mlima wake linauza buni za watu wengine. Jina ni mali. Anayelitunza ananufaika, na asiyelitunza atalikuta kwenye mfuko wa mwingine. Wajapani walichelewa kulinda jina la wiski yao wakaanza kulipigania mwaka 2021. Sisi tunaopenda kulalamikia majina yetu kutumiwa hovyo hatuwezi tukafika Tokyo tukalipa maelfu ya yeni kwa sababu tu chupa imeandikwa kwa herufi tusizozijua.

Haya, tuseme safari imeiva na tiketi unayo. Ufanye nini?

Kwanza, umri. Kunywa pombe Japani ni kuanzia miaka 20, japo mtu anahesabiwa mzima akiwa na 18 tangu mwaka 2022. Na usiguse usukani. Wanashika kiwango kidogo mno cha kilevi kwa dereva, na abiria aliyepanda akijua dereva amelewa naye anaweza kushtakiwa. Usafiri wa treni upo, utumie.

Pili, anza na baa na siyo duka. Miji ya Japani imejaa baa ndogo zenye viti vinane au kumi na ukuta mzima wa chupa. Toti ya kawaida ni mililita 30, na baa nyingi zinakubali kukupa nusu, mililita 15, kwa bei pungufu. Tamka tu "hafu" utaeleweka. Hii ndiyo siri kubwa kwa mtu mwenye mshahara kama wangu: badala ya kuweka pesa zote kwenye chupa moja, unaweza kuonja tano au sita ukajua kipi kinakufaa. Uliza bei kabla ya kumiminiwa, haina aibu. Baa nyingi zina ada ya kiti, wakati mwingine huletewa kisahani cha vitafunwa ambacho hukukiagiza lakini kimo kwenye bili. Si wizi, ni utaratibu wao. Beba fedha taslimu, maana baa ndogo si zote zinazopokea kadi. Usipige picha bila kuomba, na sauti yetu ile ya daladala iache mlangoni.

Tatu, onja kwa kulinganisha. Agiza Yoichi na Miyagikyo, zote za Nikka. Yoichi inatoneshwa kwenye mitambo inayochochewa kwa makaa ya mawe, mtu akiyatia kwa koleo mpaka leo. Ni nzito, ina moshi. Miyagikyo, kiwanda cha mwaka 1969 karibu na Sendai, hutumia mvuke, na wiski yake ni laini yenye harufu ya matunda. Kisha fanya hivyo hivyo kwa Suntory: Yamazaki na Hakushu. Hakushu kimejengwa mwaka 1973 msituni, milimani Yamanashi, na wiski yake ina ubichi wa majani na moshi kidogo. Ukimaliza glasi hizo nne utaelewa zaidi ya yule mwenye chupa sita kabatini ambazo hajawahi kuzifungua.

Namna ya kuonja? Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, usiingize pua yote kama unanusa kikwapa cha shati. Kunywa kidogo. Ongeza matone ya maji, rudia. Hakuna atakayekucheka kwa kuongeza maji. Wajapani wenyewe wana kinywaji kizima kiitwacho mizuwari, wiski iliyokatwa kwa maji mengi, wanakinywa na chakula. Na haiboru ijaribu. Kakubin, wiski ya chupa ya pembe nne iliyoanza mwaka 1937, ndiyo hutumika sana, ni ya bei ya chini, na inatimiza vigezo vyote nilivyovitaja. Mwenye kudharau Kakubin kwa kuwa ni rahisi, huyo anakunywa bei.

Watu wa pwani nawaombeni kitu kimoja: mkipata wiski iliyolala kwenye pipa la mizunara, nuseni taratibu. Mizunara ni mwaloni wa Kijapani. Walianza kuutumia sana wakati wa vita kuu ya pili na baada yake kwa sababu mapipa ya nje hayakupatikana. Ni mti msumbufu na mapipa yake huvuja. Lakini wiski ikikaa humo miaka mingi hutoa harufu ambayo wao huilinganisha na sandali na udi. Mzungu husoma maelezo hayo akabaki anakuna kichwa. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba inayofukizwa udi kila Alhamisi atajua papo hapo kinachosemwa.

Nne, viwanda vyenyewe. Yamazaki unafika kwa treni na kutembea kidogo kutoka stesheni yenye jina hilo hilo. Yoichi ni safari ndefu lakini kiwanda kiko karibu kabisa na stesheni. Usijiendee tu. Ziara zinawekewa nafasi mapema, na Yamazaki wanaoomba ni wengi kiasi kwamba nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, hivyo omba kabla hujapanga siku zako za Kyoto. Faida yake ni kwamba unaona mambo na kuonja kwa bei za kiwandani, siyo za walanguzi.

Tano, ukinunua. Tafuta maneno "Japanese Whisky", angalia jina la kiwanda, kisha angalia umri kama upo. Umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, si wastani. Chupa isiyo na umri si mbaya kwa hilo tu. Yoichi isiyo na umri ni wiski halali na nzuri. Chupa yenye milima, mawimbi na samurai lakini haitaji kiwanda hata kimoja, iache.

Kabla ya kuingia dukani ijue bei inayopendekezwa na mtengenezaji. Maeneo ya watalii utakuta chupa ile ile kwa mara mbili au zaidi. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme kama Bic Camera na Yodobashi, usishangae, nayo yanauza pombe, na inafaa kuyapitia. Usinunue chupa ya bei kubwa kwa mtu binafsi mtandaoni. Chupa tupu za majina makubwa zimekuwa zikiuzwa huko, na chupa tupu inajazika.

Kuhusu kodi, pombe hutozwa asilimia 10, na mgeni ana msamaha akinunua kuanzia yeni 5,000 kwenye duka husika. Zingatia tarehe ya safari yako: utaratibu uliopitishwa ni kwamba kuanzia Novemba 1, 2026 unalipa kodi kwanza dukani kisha unarejeshewa wakati wa kuondoka. Kwenye ndege, pombe ya zaidi ya asilimia 24 hadi 70 inaruhusiwa jumla ya lita 5 kwa mtu, chupa zikiwa hazijafunguliwa. Zizungushie nguo, ziweke katikati ya begi kubwa. Ukizibeba mkononi zitaishia kwenye ukaguzi. Na ukitua nyumbani kumbuka forodha ya Afrika Mashariki inakusamehe ushuru kwa lita 1 tu ya pombe kali. Hayo maagizo ya washikaji watano yatalipiwa na nani?

Mimi ushauri wangu kwa msafiri ni huu: leta chupa moja, ile uliyoionja ukaipenda, halafu ifungue. Waite marafiki, wamiminie kidogo kidogo, waambie imetoka kiwanda gani na kwa nini ina moshi au haina. Yule kijana wa Takehara alivuka dunia na daftari akaandika kila alichokiona ili wenzake wajue kinachofanyika. Sisi tumepewa kila kitu kwenye lebo, na kwenye lebo nyingine tumefichwa. Kujua tofauti ya hizo mbili hakuhitaji pesa nyingi. Kunahitaji kusoma.

Na siku ukiwa Tokyo, ukaletewa kikombe cha Kilimanjaro, muulize mwenye duka kwa upole: asilimia ngapi?